Mstari wa Jumapili

Mwaka ule jibini zetu zilianza kuvimba. Ilianza moja, tukadhani ni bahati mbaya tu. Kisha zikawa nne kwa wiki moja, kisha karibu rafu nzima. Ukiigonga kwa kidole ilitoa mlio wa kitu kitupu, na ukiikata ulikuta matundu makubwa makubwa na harufu kali iliyokupanda puani. Tulimpelekea jirani, akawapa nguruwe wake.

Tuliishi juu ya kilima kimoja upande wa Nyamitaba, katika boma la wazazi wa mume wangu. Baba mkwe alikuwa amefariki kabla sijaolewa, na kazi ya jibini ilikuwa mikononi mwa mama mkwe. Mume wangu alikamua ng'ombe, akapokea bidoni za maziwa za majirani, akayapasha moto katika sufuria kubwa na kuyagandisha. Mimi nilitunza kave. Ndivyo tulivyokiita, kwa Kifaransa cha marehemu, kile kijumba cha mawe chenye kuta nene na dirisha moja dogo ambamo jibini hukaa wiki nyingi hadi ziive. Kila asubuhi, watoto wakishakwenda shule, niliingia na ndoo ya maji ya chumvi na kitambaa safi. Nilipangusa jibini moja moja, nikaigeuza, kisha nikasogeza zile zilizokwisha kukomaa kidogo. Jibini changa zilianzia rafu ya nyuma, iliyoegemea ukuta wa mwisho. Baada ya wiki nilizileta katikati, na mwishowe zilifika karibu na mlango kusubiri pikipiki ya mnunuzi wa Goma.

Kazi hiyo sikuzaliwa nayo. Mimi ni mtu wa Ntoto, huko Walikale, ambako ukitoka nje ya uwanja wa nyumba unakutana na miti, si na majani ya ng'ombe. Baba yangu alilima mihogo na ndizi, na alitega mitego msituni. Maziwa niliyoyajua utotoni yalikuwa ya unga, ya kopo, na tuliyapata mtu akiugua. Mume wangu alikuja kwetu kufundisha shule ya msingi mwaka mmoja, akaimba nasi katika kwaya, na alipoondoka tuliondoka wawili.

Mama mkwe ndiye aliyenifundisha maziwa. Siku ya kwanza alinisimamisha mbele ya rafu, akashika viganja vyangu kwa viganja vyake, tukageuza jibini pamoja. Alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, shemasi kanisani, na kwa miaka sita alinitendea vizuri. Nasema hili mapema kwa sababu yanayofuata yanaweza kumfanya aonekane mtu mbaya, na hakuwa mtu mbaya.

Rafu ya tatu ilipoharibika alinifuata kwenye kave, akasimama mlangoni.

"Minataka nikuulize kitu, usikasirike," akasema. "Kwenu mulikulaka nyama ya pori?"

"Ndiyo, Mama. Wote kwetu wanakula."

"Kila nyama?"

"Ile Baba aliyoleta."

Alitazama ndoo yangu ya maji ya chumvi.

"Nyanya yangu alisemaka muntu wa vile hashike maziwa, itaharibika. Mimi sikushika ile maneno. Nilikuona unanawa, unasali, unafanya kazi muzuri, nikasema ni maneno ya zamani. Sasa sijui tena." Hakupaza sauti hata kidogo. "Mwisho wa mwezi wifi yako atakuja kushika kave. Wewe utabakia na shamba."

Nilimweleza mume wangu jioni ile. Alisema mama yake amechoka, itapita. Alikuwa akirekebisha kamba ya ndama na hakuinua kichwa. Sikumlaumu sana. Jambo linaloniuma hadi leo ni kwamba nilianza kumwamini mama mkwe. Nilinawa mikono kwa sabuni, kisha kwa majivu, kisha kwa sabuni tena, hadi ngozi ikapasuka kwenye vifundo vya vidole na maji ya chumvi yakawa yanachoma. Nilikuwa nikiingia kave nikiogopa kugusa. Niligeuza jibini kwa ncha za vidole, kama mtu anayegeuza mtoto mgonjwa, na bado zilivimba.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu mwezi kwisha alipokuja rafiki wa mume wangu. Walisoma darasa moja tangu wadogo. Sasa kazi yake ilikuwa kutengeneza friji za chanjo katika vituo vya afya, za mafuta na za jua, kuanzia huku Masisi hadi ndani ya Walikale. Alikuwa amepanda kutoka Kingi na pikipiki yake, matope hadi magotini, akaomba maji ya kunawa na kipande cha jibini.

"Jibini tunayo, lakini hutaikula," mume wangu akamjibu, akamweleza yote isipokuwa habari ya nyama ya pori. Ile hakuisema, nami nilimshukuru kimoyomoyo.

Fundi alitaka kuona kave. Alizunguka ndani akipapasa rafu, akasoma kipimajoto kilichoning'inia nyuma ya mlango.

"Munapimaka joto?"

"Kila asubuhi," nikasema. "Ni kumi na tatu. Siku zote ni kumi na tatu, mara moja moja kumi na nne."

"Na mangaribi? Na usiku?"

"Usiku tunalala, kaka."

Alicheka kidogo, akatoka kwenda kwenye mfuko wa pikipiki. Alirudi na vitu viwili vyeupe, kila kimoja kidogo kuliko kipande cha sabuni, vyenye kioo chembamba na taa ya kijani iliyowaka na kuzimika. Alisema jina la kitu hicho, kinasa data, akaona nyuso zetu, akaanza upya.

"Ni kadude kanaandika joto. Ndani mule muko kitu inasikia joto, na kitu ingine inasikia unyevu wa hewa. Muko saa. Muko betri kidogo, inaweza kumaliza mwaka. Na muko kumbukumbu, kama ile ya telefone. Mimi nimeiambia: kila dakika kumi amuka, sikia, andika, lala tena. Haichoke, haisahau, na haiandike kitu ili kufurahisha muntu."

Nilimwuliza kwa nini dakika kumi, si kila wakati. Akasema ingewezekana hata kila sekunde, ila kumbukumbu ingejaa upesi na betri ingechoka, na joto la chumba cha mawe halina haraka hiyo. Mtu huchagua kufuatana na anachokitafuta. Alitwambia kwamba vidude vya namna hiyo husafiri ndani ya masanduku ya chanjo, na kwamba viko vya jamii yake vinavyofungwa ndani ya mito kupima maji yanavyopanda na kushuka, na vingine husimama kwenye vilima kuhesabu mvua. Nilikumbuka muuguzi wa Ntoto nilipokuwa msichana, ambaye asubuhi na jioni alifungua friji ya chanjo, akasoma joto, akaandika kwa kalamu kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Fundi akasema ndiyo, karatasi ile ipo hata sasa na ni nzuri, lakini inajua saa mbili tu za siku. Zile nyingine ishirini na mbili, hakuna aliyeziona.

Alikiweka kimoja kwenye rafu ya nyuma, kati ya jibini changa, na kingine kwenye rafu ya mlangoni. Alikuwa anateremka Walikale kwa kazi yake na angerudi baada ya siku kumi na nne. Akatuomba tusivisogeze, na tufanye kazi kama siku zote.

Mama mkwe alisikiliza yote akiwa amekaa kwenye kigoda nje ya mlango. Fundi alipoondoka alisema tu, "Haya, tuone," akaenda kuchambua maharage.

Siku zile kumi na nne zilikuwa ndefu. Kila asubuhi nilipoingia, ile taa ya kijani iliwaka mara moja gizani, na nilihisi kuna mtu ananitazama. Nilianza kujihesabia makosa. Je, naacha mlango wazi mno nikitoka kuchota maji? Je, pumzi yangu inapasha chumba? Nikawa nafanya kazi haraka, mlango nimeurudisha, karibu nisione ninachofanya. Nilijiambia kwamba kama kosa ni langu, afadhali nilijue kwa mashine kuliko kwa maneno ya nyanya aliyekufa zamani. Lakini sikuwa na hakika ningeweza kulibeba.

Alirudi alasiri ya siku ya kumi na tano, akiwa na ordinateri, kompyuta yake ndogo, ndani ya mfuko wa plastiki. Habari ya kwanza aliyoleta ilikuwa ya kwetu. Alisafirisha chanjo hadi Ntoto, na pikipiki ilikwama kwenye matope tangu asubuhi hadi karibu jioni. Muuguzi alipopokea sanduku aliogopa kwamba chanjo zimeharibika, akataka kuzitupa. Wakachomeka kidude kilichokuwa ndani, wakakuta barafu ilishikilia njia yote, joto halikuvuka mpaka hata mara moja. Watoto walichanjwa kesho yake. Nilifurahi kusikia, nikawaza juu ya watoto wa dada zangu, na kwa muda mfupi nikasahau vile vidude viwili vya kave.

Tuliketi sebuleni wanne: fundi, mume wangu, mama mkwe na mimi. Alichomeka kidude cha kwanza, kile cha mlangoni. Kwenye kioo ukatokea mstari wa bluu, karibu umenyooka, wenye vinundu vidogo vidogo kila baada ya nafasi sawa.

"Hii ni nini?" mume wangu akauliza, akigusa kinundu kimoja.

Fundi akainama. "Saa tatu ya asubuhi. Kila siku saa tatu. Hapa kuko muntu aliingia."

Hakuna aliyenitazama, na hilo lilikuwa baya kuliko kama wangenitazama.

"Ni mimi," nikasema.

"Ni mulango tu," fundi akasema bila kuondoa macho kwenye kioo. "Joto inapanda nusu ya digri, kisha dakika makumi mbili inarudia. Hii haiwezi kuharibu kitu. Shemeji, kama wauguzi wote wangefungaka friji vile unafungaka hii mulango, mimi ningekosa kazi."

Kisha akachomeka cha pili, kile cha rafu ya nyuma.

Mstari huu haukufanana na wa kwanza hata kidogo. Ulipanda na kushuka kama vilima vya kwetu. Ulianza kupanda mchana, ukaendelea alasiri yote, ukafika kileleni saa mbili za usiku, digrii ishirini na mbili, kisha ukateremka polepole hadi alfajiri. Saa tatu asubuhi, saa yangu ya kusoma kipimajoto, ulikuwa umerudi kumi na tatu. Ndiyo maana siku zote niliona kumi na tatu. Nilikuwa nasoma mlangoni, mbali na ugonjwa, na saa ile ambayo umelala.

"Ishirini na mbili," mume wangu akasema. "Ndani ya kave?"

"Hii joto njo inavimbisha," fundi akasema. "Ile mikrobe ya gazi, yenye kujaza hewa ndani, inaipenda. Jibini changa inakaa wiki muzima juu ya hii rafu, inapata joto kila mangaribi, kisha munaisogeza mbele. Kuvimba inakuja baadaye, ikiwa iko mulangoni tayari. Kwa hiyo hamukuweza kujua pahali iligonjwa."

Lakini joto lilitoka wapi? Fundi alidhani ni jua. Mume wangu akasema ukuta wa nyuma haupigwi na jua kamwe, na tena ni mwezi wa mvua. Wakabishana kuhusu bati na kuhusu dirisha. Mimi nilikuwa bado kwenye yale maneno kuhusu mlango, nayarudia kichwani.

Mama mkwe alikuwa hajui kusoma sana, ila Biblia yake ya herufi kubwa. Alisogeza kigoda, akakaribisha uso kwenye kioo, akaanza kufuata vile vilima kwa kidole, kimoja kimoja, midomo ikicheza kama anayehesabu. Akasimama.

"Hapa hakuna mulima."

Kweli. Kati ya kilima cha sita na kinachofuata, mstari ulilala, umenyooka kabisa, siku nzima na usiku wake.

"Hii iko siku gani?" akauliza.

Fundi akasoma tarehe. "Jumapili, Mama."

Kidole kikaendelea, vilima sita vingine, kikasimama tena mahali palipolala. "Na hii?"

"Jumapili pia."

Alirudi nyuma, akaweka mikono juu ya magoti.

"Jumapili hatupikake maziwa," akasema. "Tunaachia ndama, na ingine tunagandisha ya kunywa. Jumapili hatuwashake moto."

Hapo ndipo nilipokumbuka mabati. Miezi michache kabla ya hapo, upepo wa mvua uliezua paa la jiko la maziwa, lililokuwa mbali, chini ya kilima. Tukisubiri kupata mabati mapya, mume wangu alihamishia mafiga ya sufuria kubwa kwenye kibanda cha kuni, nyuma ya kave, na kuyajenga yakiegemea ukuta ili kukwepa upepo. Ilikuwa kwa muda tu. Hakuna aliyewaza zaidi. Ukuta ule ni mawe, unene wake ni mkono mzima. Moto uliwaka tangu asubuhi hadi karibu saa saba, mawe yakanywa joto lake taratibu, na kufikia jioni yakaanza kulitoa upande wa pili, ndani, kwenye rafu ya jibini changa. Saa ambayo sisi tulikuwa tunakula, tunasali, tunalaza watoto.

Nilisema yote hayo pale sebuleni, maneno yakikimbizana. Mume wangu alifunika uso kwa kiganja. "Ni mimi nilijenga pale," akasema.

Mama mkwe aliinuka, akatoka. Tulimfuata. Ilikuwa saa kumi na moja, ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni, na moto wa nyuma ulikuwa umezimika zamani. Aliingia kave, akapenyeza mkono katikati ya jibini hadi nyuma ya rafu, akauacha hapo. Alikaa hivyo muda mrefu, amenipa mgongo.

"Gusa," akaniambia.

Nikapenyeza mkono wangu karibu na wake. Jiwe lilikuwa na uvuguvugu.

"Iko na joto kama mugongo ya ng'ombe," akasema. Kisha akamgeukia mwanawe. "Kesho asubuhi uvunje ile mafiga. Utapikia inje mupaka tupate mabati."

Ni hayo tu. Hakutaja wifi yangu, na wala hakuomba msamaha siku ile. Mimi nilitoka, nikazunguka hadi zizi la ndama ambako hakuna aliyeniona, nikaketi juu ya bidoni iliyopinduliwa. Nilidhani nitalia. Badala yake nilipiga miayo, moja baada ya nyingine, kama mtu aliyetembea kwa miguu kutoka Walikale. Ndama mmoja akaja kunilamba vifundo vya vidole pale palipopasuka, nikamwacha alambe. Usiku ule nililala hata kabla ya watoto.

Fundi alituachia kidude kimoja kwa wiki mbili zaidi, ili kuhakikisha. Mume wangu alipika maziwa nje, chini ya turubai, akilowa na kukohoa moshi, bila kulalamika. Kidude kilipochomekwa tena, siku zote saba za wiki zilikuwa zimelala kama Jumapili, pamoja na vinundu vyangu vya saa tatu.

Asubuhi moja katika wiki zile mama mkwe aliingia kave na kitambaa chake mwenyewe. Alianza kupangusa rafu ya chini, mimi ya juu. Kisha akasema, kama anayeendeleza mazungumzo tuliyoyaanza jana, kwamba alipoletwa bibi arusi katika boma hili, ndama watatu walikufa mwezi wa kwanza.

"Mama mukwe yangu alisema nimekuja na mauti," akasema. "Nilikaa mwaka muzima bila kuingia zizi. Hatukujua kamwe nini iliua wale ndama."

"Ulifanya nini, Mama?"

"Nilingoja. Siku moja akaugua, akakosa muntu wa kukamua." Aligeuza jibini, akaikagua, akaiweka. "Sikutaka nikutendee vile. Na nilikutendea."

Nilimwambia yameisha. Akaitikia kwa kichwa, akaomba nimsogezee ndoo.

Jibini za kwanza baada ya kuhamisha moto ziliiva karibu na mwisho wa mvua. Mume wangu aliigonga moja kwa kidole, akaisikiliza, akanipa nami nigonge. Mama mkwe akaikata mezani. Ndani ilikuwa ya manjano, imeshikamana, na vitundu vichache vidogo kama punje za mtama. Tuliila na viazi vya moto kutoka sufuriani, na mtoto wangu wa pili, ambaye miezi yote ile alikuwa ameambiwa asiguse, alikula vipande vitano na kuomba cha sita. Bibi yake akampa.